Kemia ya Mwaka wa Kwanza katika Vyuo vya Marekani: Jinsi Alama Zinavyotolewa, kwa Vijana Waliotoka Mwanza na Kanda ya Ziwa

Alama 76 katika kemia ya kidato cha nne ni A, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania huanzisha A kwenye 75. Kidato cha sita, ambako A huanzia 80, alama hiyohiyo ni B. Katika vyuo vingi vya Marekani, 76 ni C. Mwanafunzi aliyetoka shule za Bwiru, Nsumba au Nganza akiwa miongoni mwa walioongoza darasa anaweza kuiona herufi hiyo kwenye mtihani wake wa kwanza ugenini na kudhani ameporomoka, ilhali sehemu ya kilichobadilika ni kipimo chenyewe. Kwa kawaida A huanzia 90, B 80, C 70 na D 60, na chini ya hapo ni F. Vyuo vingine hugawa herufi zaidi, hivyo 77 hadi 79 ikawa C+. Mzazi aliyeko Nyakato au Igoma anayesomewa matokeo kwa simu aelezwe jambo hili mapema, kabla hajaanza kuhuzunika au kugomba.

Kipimo, hata hivyo, huzoeleka ndani ya muhula mmoja. Kinachowaumiza zaidi vijana wetu ni mahali alama zinapotoka. Tumelelewa katika utaratibu ambamo uzito mkubwa uko kwenye mtihani wa mwisho: mwanafunzi anaweza kusuasua miezi mingi, kisha akajifungia na mitihani ya miaka iliyopita na kutoka na daraja la kwanza. Hata katika vyuo vikuu vya nyumbani, mtihani wa mwisho wa muhula mara nyingi hubeba 60 katika 100. Kemia ya mwaka wa kwanza ya Marekani haitoi nafasi hiyo. Alama hukusanywa kila wiki tangu wiki ya kwanza, na mgawanyo wake huandikwa kwenye silabasi ambayo mwalimu huitoa siku za mwanzo kabisa. Waraka huo usomwe wote, neno kwa neno, na tarehe zake zihamishiwe kwenye kalenda siku hiyohiyo, kwa sababu ndio utakaorejewa kila panapotokea swali kuhusu alama.

Tuchukue mgawanyo ambao si wa chuo fulani, ila unafanana na mingi iliyopo: maabara asilimia 25, kazi za nyumbani 10, majaribio mafupi ya darasani 10, mitihani mitatu ya katikati ya muhula 35, na mtihani wa mwisho 20. Mwanafunzi ana 88 katika maabara, 95 katika kazi za nyumbani na 80 katika majaribio mafupi. Mitihani mitatu amepata 50, 70 na 78, na silabasi inaruhusu ule mbaya kuliko yote uondolewe, hivyo wastani wake ni 74. Kila alama ikizidishwa kwa uzito wake tunapata 22, 9.5, 8 na 25.9, yaani 65.4 kabla ya mtihani wa mwisho. Ili afike 80 na kupata B anahitaji 14.6 kati ya zile 20 zilizobaki, sawa na 73 katika mtihani huo. Akipata 70, jumla inakuwa 79.4. Sasa tuseme kijana huyohuyo, mwenye uelewa uleule, aliziona kazi za nyumbani kuwa za kitoto na hakuwasilisha hata moja: jumla yake inashuka hadi 69.9, ambayo ni D ya aina fulani, na vyuo vingi havitamruhusu kuendelea na kemia ya pili kwa herufi hiyo. Nasisitiza mfano huu kwa kuwa kazi za nyumbani ndizo alama rahisi kuliko zote katika somo hili. Hufanywa kwenye kompyuta, mara nyingi mtu huruhusiwa kurudia swali mpaka apatie, na anayezikosa kwa kawaida huwa amekosa muda, wala si maarifa.

Muda nao unataka uangalifu. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa 11:59 usiku ni saa 5:59 usiku kwa hesabu yetu, na mfumo wa kompyuta hufunga wenyewe bila kumsikiliza mtu. Ndugu walioko Mwanza nao wazingatie kwamba pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa kiangazi. Simu ya asubuhi ya hapa humkuta mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani.

Maabara inastahili maelezo marefu kuliko sehemu nyingine. Huku nyumbani mwanafunzi hujiandaa kwa mtihani mmoja wa vitendo, ambao ukimwendea vizuri siku hiyo basi umekwisha. Huko kuna kipindi cha maabara karibu kila wiki, na kila kimoja kina alama zake: maswali mafupi ya matayarisho yanayojibiwa kabla ya kuingia, daftari la maabara, usalama, kisha ripoti. Anayefika bila miwani ya kinga au kwa viatu vya wazi anaweza kurudishwa mlangoni na kupata sifuri, hata kama anaijua kazi yote. Daftari huandikwa kwa kalamu ya wino wakati kazi inaendelea. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lililoandikwa mwanzo liendelee kusomeka, na kunakili upya baadaye ili daftari lipendeze hakukubaliki. Bureti, yaani mrija wa kupimia ujazo wa kimiminika, yenye alama za kila mililita 0.1 husomwa mpaka nafasi ya pili ya desimali kwa kukadiria kati ya mistari, hivyo usomaji huandikwa 23.40 na si 23.4, na sifuri hiyo ya mwisho ikiachwa alama hukatwa. Vivyo hivyo, jibu la mwisho lisionyeshe usahihi kuliko vipimo vilivyolizaa: kunakili tarakimu zote zinazotokea kwenye kikokotoo ni kosa linalojirudia katika ripoti nyingi, na alama mojamoja inayokatwa kila wiki hufika mbali.

Ripoti yenyewe hupimwa zaidi kwa hoja kuliko kwa jibu. Mwanafunzi aliyepata mkusanyiko wa asidi ulio mbali kidogo na ule halisi, akaeleza kwamba matone ya mwisho yalipita kiwango na kuonyesha kosa hilo linavuta jibu upande gani, anaweza kupata alama nzuri. Aliyepindisha takwimu ili zilingane na za mwenzake amefanya udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufika F ya somo zima. Hapa desturi yetu ya kusoma kwa vikundi inahitaji mipaka. Kujadili pamoja kunaruhusiwa, na wenzi wa meza moja huwa na vipimo vilevile, lakini hesabu na maandishi kwa kawaida lazima yawe ya kila mtu mwenyewe, na kumpa rafiki ripoti yako aiangalie kunaweza kuwatia hatiani wote wawili. Tena, idara nyingi zina kanuni kwamba anayekosa vipindi kadhaa vya maabara bila ruhusa hufeli somo, hata kama mitihani yake ni mizuri.

Kuhusu mitihani, aliyemaliza kidato cha sita atakuta mengi ya mwanzo ni mambo anayoyajua: moli, sheria za gesi, muundo wa atomu. Kujua huko humfanya alegee majuma ya kwanza, na mtihani wa pili ukamkuta hajashika mwendo. Mwalimu akiona mtihani ulikuwa mgumu kupita kiasi anaweza kuongeza alama za wote au kushusha mipaka ya herufi, lakini asitegemewe kufanya hivyo isipokuwa silabasi imesema. Idara nyingine hutumia mtihani wa mwisho ulioandaliwa chini ya Shirika la Kemia la Marekani. Ule wa kemia ya jumla ya mwaka mzima una maswali 70 ya kuchagua, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo swali lolote lisiachwe wazi.

Mtihani wa marudio, ile sapu tuliyoizoea vyuoni kwetu, kwa kawaida haupo. Aliyefeli hurudia somo zima na kulilipia tena. Kuna tarehe ambayo kabla yake mtu anaweza kujitoa na kuandikiwa W, herufi isiyoingia kwenye hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote. Lakini mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anatakiwa kuwa na angalau krediti 12 kila muhula katika shahada ya kwanza, na kemia pamoja na maabara yake mara nyingi ni krediti 4. Asijitoe kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa kushuka chini ya idadi hiyo bila idhini kunaweza kuhatarisha hadhi yake ya ukaaji. Mwenye ufadhili asome pia masharti ya mfadhili wake.

Saa ambazo mwalimu hukaa ofisini kwa ajili ya wanafunzi ni za wote, wala si za waliokosa. Kumwendea na swali lililofanyiwa kazi nusu hakuhesabiwi kuwa usumbufu, na heshima yetu ya kunyamaza mbele ya mwalimu isimzuie mtu kuingia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi wa chuo, hivyo mzazi akiandikia chuo kuulizia matokeo kwa kawaida hatapewa bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Taarifa atazipata kwa mtoto wake. Karatasi zote zilizosahihishwa zitunzwe mpaka herufi ya mwisho iingie kwenye rekodi. Palipo na kosa la kujumlisha, malalamiko yapelekwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye silabasi, yakitaja namba ya swali na alama inayodaiwa.