Ndoo Ikishashuka Maji, Usiijaze Tena Hadi Juu

Juzi niliitwa nyumba moja Mbagala. Nikakuta ndoo 11 za sukuma wiki ya haidroponiki, yaani inayokua kwenye maji yenye mbolea bila udongo, zimepangwa ukutani, majani yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto, na kila ndoo imejaa hadi inagusa kifuniko. Mama mwenye bustani ameshika jagi, anaongeza. "Bibi shamba, naona zina kiu," akaniambia. Hazikuwa na kiu, zilikuwa zinazama.

Hii si mara ya kwanza wala ya kumi. Kusia mbegu mnajua, kutoboa kifuniko mnajua, na kikombe cha mtindi chenye kokoto, kile kinachoshika mche kwenye kifuniko, mnakitengeneza vizuri kuliko mimi. Mazao yanawafia wiki ya tatu au ya nne, mbolea imeshanunuliwa, na chanzo ni jagi hilohilo.

Haidroponiki ya ndoo isiyo na pampu inategemea maji yapungue. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye njia hii inajulikana kwa jina lake, aliijenga juu ya nafasi ya hewa inayobaki maji yanaposhuka. Mmea unapokunywa, mizizi ya juu inabaki nje ya maji, kwenye unyevunyevu chini ya kifuniko. Inatoa matawi mengi mafupi na vinyweleo vyeupe, na hiyo ndiyo inayopumua. Mizizi ya chini inabaki majini ikinywa maji na mbolea. Ukiifunika mizizi ya juu kwa maji, unaufunga mmea pua. Mizizi isiyo na hewa haiwezi kunywa, kwa hiyo majani yananyauka huku ndoo imejaa. Wewe unaona mnyauko, unaongeza maji tena. Hapo ndipo unapoumaliza.

Joto la Dar linazidisha ubaya. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5 tu, wakati mizizi yenyewe inahitaji hewa zaidi. Ndoo nyeusi isiyopakwa nyeupe kwa nje, ikikaa juani, inazidi hapo.

Sasa shika kalamu ya wino usiofutika na rula. Ndoo ya lita 20, siku ya kuhamisha mche: jaza maji yenye mbolea hadi yaguse sentimita 1 au 2 za chini ya kikombe, si zaidi. Chora mstari hapo. Shuka sentimita 12, chora mstari wa pili. Panda sentimita 6 kutoka kwenye kitako cha ndoo, chora wa tatu. Maji yakishapita mstari wa pili kwenda chini, hayaruhusiwi kuuvuka tena maisha yote ya mmea huo. Unaongeza yanapofika mstari wa tatu, na unaishia kwenye wa pili. Kwa ndoo nyingi hiyo ni kama lita 6. Pima kwa chombo cha lita moja, usikisie kwa jagi.

Ongeza asubuhi kabla ya saa 2 au jioni jua likishatua, kwa maji ambayo hayajapata joto la tanki la juu ya paa. Mbolea ya kuongezea iwe nusu ya kipimo cha mwanzo: kama ulianza na gramu 2 kwa lita, sasa weka gramu 1. Kwenye joto mmea unakunywa maji haraka kuliko mbolea, na mabaki ya ndani yanakuwa makali. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi usiyatumie kabisa; kinga maji ya mvua. Na mbolea ya kalsiamu iyeyushe peke yake kwanza. Ukiikutanisha na nyingine zikiwa nzito, inaganda unga mweupe chini na umetupa hela.

Letusi haihitaji hata habari hii ya kuongeza. Mche mmoja kwenye dumu la lita 5 kivulini, jaza mara moja, vuna kati ya siku 30 na 45. Usiiguse! Giligilani vilevile, ila sia moja kwa moja kwenye kikombe maana haipendi kuhamishwa. Mistari mitatu ni ya sukuma wiki, spinachi, mrehani na mnanaa, mimea unayoichuma na kuiacha ichipue tena.

Masika yana kosa lake. Hata usipogusa jagi, mvua inapenya kwenye kifuniko na kujaza ndoo usiku mmoja. Toboa tundu la milimita 6 kwenye mstari wa pili, lizibe kwa kijiti kilichozungushiwa mpira, na ukichomoe maji yakishashuka chini ya hapo. Kisha bandika kipande cha chandarua kwenye tundu hilo na pembeni mwa kila kikombe. Dar ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anazaliana kwenye vyombo vya maji safi kama hivi.

Kama umeshajaza, usingoje kesho. Vuta maji kwa mpira hadi mstari wa pili saa hiyohiyo. Mizizi ikiwa bado myeupe, weka ndoo kivulini siku 3 hadi 5 na uiache. Ikiwa ya kahawia, inateleza na inanuka, kata iliyooza, mwaga maji yote, osha ndoo kwa sabuni, anza na mbolea nusu kipimo hadi mstari wa pili. Kwenye nyumba ile ya Mbagala tuliokoa ndoo 4 kati ya 11.

Mizizi ya juu ikiwa myeupe yenye manyoya na majani yamesimama saa 7 mchana, uko sawa, endelea.