Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupakia Fimbo Ndefu za Kuvulia Kwenye Boti Ndogo

Fimbo nyingi za kuvulia hazivunjwi na samaki. Zinavunjwa na mlango wa gari, na kisigino cha abiria, na nanga iliyotupwa bila kutazama, halafu samaki ndiye anayesingiziwa. Boti kubwa ina vyumba na dari za kuhifadhia. Kwenye boti ya mita 4 au 5 kila kitu kinagombea nafasi ileile, na fimbo hufikiriwa mwisho, watu wakiwa wameshakaa. Kwa hiyo haya yafanye ukiwa bado nchi kavu, kabla wenzako hawajaanza kukuharakisha.

Pima kwanza. Tumia futi ya utepe, si jicho. Pima urefu wa ndani kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, kisha toa eneo ambalo mashine inalichukua. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanapima mashine ikiwa imetulia. Ikinyanyuliwa, kichwa chake kinainamia ndani ya boti. Ukikata kona, kinafagia upande mmoja kisha mwingine. Kitako cha fimbo kikiwa kimeegemezwa pale kitabanwa kati ya mashine na ubao, na wewe hutasikia chochote kwa mngurumo. Boti ya mita 4.5 inaweza kukuachia mita 3 tu za kulaza kitu kwa usalama. Fimbo ya futi 7 ni kama mita 2.1, hiyo inaingia bila shida. Ile ya futi 12 ni mita 3.6 na ushei. Ikiwa imeunganishwa haina pa kulala, na usijidanganye kwamba itachungulia kidogo tu nje ya omo. Kinachochungulia ndicho kinachofika gatini kwanza.

Halafu jiulize kama unaihitaji kweli. Fimbo ndefu kiasi hicho imetengenezwa kwa mtu aliyesimama ufukweni, anayetaka kurusha mbali na kuuinua mshipi juu ya mawimbi yanayopasuka mbele yake. Wewe boti imeshakupeleka mbali. Kwa kazi nyingi za botini futi 6 au 7 zinatosha, na ni rahisi zaidi kumleta samaki ubavuni mwa boti kwa fimbo fupi. Ndefu ina kazi zake, kwa mfano kuitenganisha mishipi isisokotane mnapokokota chambo nyuma ya boti. Kama hiyo siyo kazi uliyopanga leo, iache nyumbani.

Ndoana zote zitoke. Sisemi zininginizwe kwenye pete za fimbo, nasema zitoke. Ndani ya pete nyingi kuna duara la kauri, na ndoana ikiligonga safari nzima linaweza kupata ufa usioonekana ambao baadaye utaukata mshipi wako taratibu kama wembe. Kama huwezi kutoa, basi ishikize kwenye kile kikulabu kidogo karibu na mpini na uivike kifuniko. Wala usiuvute mshipi mpaka ncha ikapinda. Chubwi nazo zivuliwe; risasi inayobembea inagonga fimbo kila boti inaporuka.

Fimbo ya vipande viwili itenganishwe. Najua, hutaki kupitisha mshipi upya kwenye pete zote hizo. Pitisha. Kabla ya kuiunganisha tena, futa chumvi na mchanga kwenye maungio, kisha paka nta ya mshumaa kidogo kwenye kipande kinachoingia ndani, ili kisilegee ukirusha wala kisigande ukitaka kuchomoa. Ukichomoa, shika mti wenyewe, usishike pete. Vipande vikishatengana, vifunge pamoja sehemu mbili kwa kitambaa laini au mkanda wa kunata, ncha ikiwa upande wa mpini ili ilindwe.

Sasa njoo kwenye suala la kugongana, ambalo watu hulidharau kwa sababu halina damu.

Fimbo za siku hizi nyingi ni za kaboni: nyuzi nyembamba sana zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, zikazungushwa kuwa bomba lenye ukuta mwembamba. Bomba hilo linastahimili kupindwa kuliko unavyodhani. Kugongwa pahali pamoja ndiko hakulifai. Za faiba ni nzito na zinalegea zaidi, lakini zinavumilia kuonewa. Ya kaboni ikigongwa na chuma, nyuzi hukatika ndani huku rangi ya juu ikiwa imetulia, na hapo fimbo inakuwa imeshakufa ila haijaanguka.

Niliona hilo kwenye boti ya rafiki yangu. Alikuwa na fimbo mpya ya futi 9, vipande viwili, na kwa kutotaka usumbufu alikuwa ameshaiunganisha na kuipitisha mshipi tangu usiku. Aliilaza upande wa kushoto, mpini chini ya benchi la nyuma, na katikati ikaegemea kile kichuma cha kufungia kamba ya nanga. Siku hiyo bahari haikuchafuka. Kulikuwa na viwimbi vifupi tu, vile vinavyoifanya boti nyepesi ipige makofi majini, na kwa kila kofi fimbo iliruka kidogo na kurudi juu ya chuma. Tulienda hivyo muda mrefu. Mashine ilikuwa inanguruma, tunazungumza kwa kupiga kelele, nani angesikia tak-tak ya kitu chembamba kama kile?

Tulipofika aliichukua akaitazama, na palikuwa na alama ndogo tu kwenye rangi, mfano wa mkwaruzo wa ukucha. Akaifuta kwa kidole gumba. Akarusha mara kadhaa, ikarusha vizuri kabisa. Kisha samaki akashika. Hakuwa mkubwa, nilimwona baadaye alipokaribia juu kabla hajajinasua, na fimbo ile ilistahili kumbeba yeye na mwenzake. Ilipinda mara moja, ikalia kama kuni kavu, na kipande cha mbele kikateleza kwenye mshipi mpaka ndani ya maji, mwenyewe amebaki na mpini na mdomo wazi.

Alianza na kiwanda. Kwamba wanauza takataka, kwamba atairudisha dukani kesho asubuhi, kwamba fedha yake italipwa. Nikamwomba avilaze vile vipande pale pale fimbo ilipokuwa imelala wakati wa kuja. Akavilaza, mpini chini ya benchi, kipande kingine mbele yake. Ncha mbili zilizovunjika zilikutana juu ya kile kichuma, na kwenye chuma chenyewe palikuwa na mstari mweusi wa rangi ya fimbo. Dukani hakwenda.

Wazee husema kamba hukatikia pembamba, lakini kwa fimbo ya kaboni usiitazame ncha peke yake. Itakatikia pale ilipoumizwa, hata kama ni kwenye unene wake. Kwa hiyo ikishagongwa, ikague kabla ya kuiamini. Pitisha pamba polepole kuanzia mpini hadi ncha. Ikinasa nyuzi mahali, pana ufa. Pitisha ukucha pia. Ipinde kidogo kwa mkono huku umeisogeza karibu na sikio, usikie kama inalia. Lakini ukaguzi hauoni kila kitu, na kinga yake ni rahisi mno kuliko kununua nyingine: fimbo isiguse chuma, isiguse fimbo nyenzake, na isilale juu ya kitu kimoja tu katikati. Iegemee sehemu mbili au tatu, kila mahali pakiwa na sponji au kipande cha mpira laini, na ifungwe ili isiruke. Mkanda ukazwe kwenye mpini, huko mbele ushikilie tu. Kamba ya mpira iliyokazwa karibu na ncha inaipinda kutwa nzima, na siku ikichomoka itakupiga jicho.

Mahali pazuri pa kuzilaza ni ubavuni, chini ya ukingo, ncha zikielekea omo. Nyuma ndiko kuna mashine, ndoo na miguu ya watu. Wengi hufunga bomba la plastiki upande wa mbele ili ncha ziingie humo, na vishikio vya mipini upande wa nyuma. Ni mpango mzuri, ila uchague bomba kwa kupima pete kubwa kabisa itakayoingia humo, maana pete ndizo zinazokwama. Lainisha mdomo wa bomba kwa msasa, na toboa tundu chini ili maji yatoke. Bomba linalotunza maji ya chumvi litaozesha miguu ya pete polepole na hutajua mpaka pete ianze kucheza. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikiweza kutolewa, itoe. Uzito wake ndio unaoifanya fimbo ijiviringishe boti inapolala upande.

Vipo vile vishikio vya kusimamisha fimbo wima. Kwa kuvulia, sawa. Kwa kusafiri, mimi sivipendi kwenye boti ndogo: fimbo ndefu inachapa huku na huku, na mzigo wote unaishia pale inapoingia kwenye kishikio. Kuna tatizo kubwa zaidi ya hilo. Kaboni inapitisha umeme. Fimbo ya mita 3 iliyosimama juu ya boti ni rahisi kuufikia waya unaovuka mto au uliopita juu ya mahali pa kushushia boti, na umeme wa nguvu kubwa unaweza kuruka kabla ncha haijagusa. Faiba iliyolowa nayo usiiamini. Laza fimbo zote kabla hujakaribia nyaya, kabla hujapita chini ya daraja, na kabla trela haijaondoka majini. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali, zilaze, kunja kazi, rudi pwani. Usisubiri mvua ikuguse.

Mshipi ulegeao nao utazame. Kabla ya kuondoka, kunja wote, kaza breki ya rili kiasi cha upepo usiweze kuuvuta, na shikiza mwisho wake. Chambo bandia kikipeperushwa kikaangukia nyuma, mshipi unakimbia kimyakimya na kujizungusha kwenye rafadha, lile panga la mashine linalozunguka majini. Ukijikaza nyuma ya rafadha unaweza kukata sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili isitoke. Oili ya giaboksi ikavuja na maji yakaingia. Ukikagua oili hiyo ukaikuta imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Uking'amua mshipi umepotea nyuma, zima mashine kwanza, inyanyue, vua rafadha utazame nyuma yake. Kukata tu unachokiona kwa nje hakutoshi.

Mkirudi, suuza fimbo kwa maji yasiyo na chumvi, pete moja moja na maungio, kisha zianike kivulini. Usizirudishe mbichi kwenye mfuko. Breki ya rili ilegezwe kabla ya kuhifadhi.

Na watu. Fimbo zikishafungwa, mkalishe kila mmoja mahali pake halafu mwambie achukue jaketi lake la kujiokolea. Akilazimika kuruka fimbo au kufungua mkanda wako ili kulifikia, mpango wako ni mbovu, upange upya. Bora zaidi wayavae kabisa. Hakikisha hakuna fimbo iliyovuka njia ya kwenda kwenye nanga, tangi la mafuta, au ile kamba ya kuzimia mashine. Kiu ya samaki isikufanye upakie kupita uwezo wa boti, na barafu ina uzito, watu huisahau. Mwachie mtu wa nchi kavu habari ya unakokwenda na saa ya kurudi. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, mafuta ya kurudia yasiguswe, kisu kiwe pale mkono unapofika. Na kama kuna mtoto botini, asikae upande wenye fimbo.