Jinsi ya kufuata msimu mzima wa Detroit Lions ukiwa Nkuhungu

Kazi yangu ni maandazi. Kila siku isipokuwa Jumapili naamka saa tisa usiku kukanda unga, ili saa kumi na mbili asubuhi ndoo iwe imejaa na iko njiani kwenda Sabasaba. Nalisema hili mapema kwa sababu watu huniuliza, mama mtu mzima kama wewe, hapa Dodoma, mpira wa Wamarekani umeujulia wapi? Nimeujulia jikoni. Saa hizo mtaa mzima umelala, na wanaocheza ni wao tu.

Chanzo ni kofia. Mdogo wangu aliyeko Michigan alinitumia kofia ya buluu yenye picha ya simba. Mimi ni Simba damu, nikampigia simu: kwani Mnyama amebadili rangi? Alicheka mpaka simu ikakatika. Ndivyo nilivyoijua Detroit Lions, msimu wa 2022, na katika mechi saba za mwanzo walishinda moja. Nikavumilia.

Basi jambo la kwanza: chukua timu moja. NFL, ligi ya mpira huo wa Wamarekani, ina timu 32, na ukitaka kuzifuata zote utakuwa kama mtu aliyealikwa harusi tatu Jumamosi moja, hakuna atakakoshiba. Timu ukishaipata, jua majirani zake. Ligi imegawanyika pande mbili, AFC na NFC, na kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Lions wako NFC North pamoja na Chicago Bears, Minnesota Vikings na Green Bay Packers. Kila mmoja wa hao mnakutana naye mara mbili, kwa hiyo mechi 6 kati ya 17 za msimu ni za majirani. Ukikosa nguvu ya kukesha, kesha kwa hizo.

Na Packers, ndugu zangu, wanavaa kijani na njano. Sina haja ya kueleza zaidi. Jirani yangu ni mzee wa Yanga, hajui sheria hata moja ya mchezo ule, lakini siku alipochungulia simu yangu akasema, "Mwanangu, hawa wa kijani ndio wangu." Mpaka leo ni wake.

Sasa saa, maana hapa ndipo wengi hukwama na kuacha. Ratiba huandikwa kwa saa za mashariki ya Marekani, zile zenye herufi ET, na Detroit yenyewe ndizo inazotumia. Watu wanahangaika kutafuta programu ya kubadili saa, lakini kwa anayehesabu saa za Kiswahili njia ni rahisi: ongeza moja. Wakiandika 1:00 mchana, kwetu ni saa mbili usiku. Wakiandika 4:25, ni saa tano na dakika 25 usiku. Ile ya usiku wao, 8:20, kwetu ni saa tisa na dakika 20, mikono yangu ikiwa ndani ya unga. Mechi za London, za 9:30 asubuhi kwao, zinaangukia saa kumi na nusu jioni, umesharudi kanisani na umekula.

Hesabu hiyo inafaa Septemba na Oktoba tu. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, sisi hatuzigusi. Kuanzia hapo ongeza mbili: saa mbili inakuwa saa tatu, saa tisa inakuwa kumi alfajiri. Mimi nilijifunza kwa kuumia. Novemba 2023 Lions walikuwa wamepumzika wiki ile saa zilipogeuka (kila timu hupewa wiki moja ya kupumzika, ndiyo maana mechi 17 zinachukua wiki 18), kwa hiyo sikujua kitu. Wiki iliyofuata walikuwa na Los Angeles Chargers. Nikatega alamu saa tano usiku, nikaketi na chai, simu inaniambia mechi bado. Nikadhani imeahirishwa. Nilikaa saa nzima nikitazama ukuta. Walishinda 41–38, usingizi ukanisamehe.

Mambo mawili madogo yamewapoteza watu. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kwa hiyo 11/12 ni Novemba 12, si tarehe 11 Desemba. Na mechi yao ya Jumapili usiku kwetu tayari ni Jumatatu. Kwenye daftari lako andika "usiku wa kuamkia Jumatatu", usiandike "Jumapili".

Kuhusu kuona: mechi chukulia muda wa saa tatu, na video ya muda huo inakula bando vibaya. Game Pass ya NFL, huduma yao ya kuangalia mechi mtandaoni, kwa sisi wa nje ya Marekani iko ndani ya programu ya DAZN tangu 2023, na humo kuna mechi zilizokatwa zikabaki kama dakika 40. Hizo ndizo chakula changu cha mchana. Usiku nafuata matokeo ya maandishi tu, na mechi kubwa ndiyo naiangalia moja kwa moja. Mtandao wako ukiwa na bando la usiku, nunua hilo.

Sheria utazijua taratibu, ila moja uijue kabla hujaanza. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Wakifika, wanahesabiwa manne mapya. Wakishindwa, wapinzani wanauchukua mpira palepale. Kuufikisha mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju mfupi baada yake unaongeza 1. Wakiwa karibu lakini wamekwama, jaribio la nne wanaweza kuupiga kwa mguu kati ya nguzo wapate pointi 3. Wakiwa mbali wanaubutua tu. Au wajitoe mhanga wakimbie nao.

Kocha wetu Dan Campbell ni wa kujitoa mhanga. Alfajiri ya Januari 29, 2024, fainali ya NFC na San Francisco 49ers, ilianza kwetu saa nane na nusu, nikaamka mapema. Mapumziko tunaongoza 24–7. Nimefunika unga uumuke, nimewasha mkaa, nacheka peke yangu. Karai limepata moto, naanza kutumbukiza maandazi, matokeo 24–10, jaribio la nne, zimebaki yadi 2. Pointi 3 ziko pale za kuokota. Campbell akakataa. Mrushaji wetu Jared Goff akarusha, mpira ukamgonga mwenzake Josh Reynolds mikononi ukaanguka. Dakika chache baadaye wao wakarusha mpira mrefu, ukagonga kofia ya beki wetu, ukaruka juu, na Brandon Aiyuk akaudaka kama embe. Nilisimama na kijiko cha kuopolea mkononi. Tukiwa nyuma 27–24, jaribio la nne tena, akakataa tena, tukashindwa tena. Iliisha 34–31. Karai zima liliungua, na asubuhi Sabasaba nikaambiwa, "Mama, leo unauza mkaa?"

Kwa hiyo usiangalie jaribio la nne huku mafuta yana moto.

Msimamo wao hauna pointi. 12–5 maana yake umeshinda 12, umefungwa 5. Ukiona namba ya tatu ni sare. Timu saba kila upande huingia mtoano: vinara wa makundi manne na tatu bora zilizobaki, na ya kwanza kabisa inaruka raundi ya mwanzo. Huko hakuna marudiano. Sisi wa Simba tunajua kufungwa ugenini na kusema subirini Kwa Mkapa, Kwa Mkapa hatoki mtu. Msimu wa 2024 Lions walimaliza 15–2, wakawa wa kwanza NFC, wakacheza nyumbani na Washington Commanders, na mtu akatoka: tulifungwa 45–31.

Kushuka daraja pia hakuna. Mwaka 2008 Lions walifungwa mechi zote 16, na badala ya kushushwa walipewa nafasi ya kwanza ya kuchagua mchezaji kijana 2009, wakamchukua Matthew Stafford. Mzee wa Yanga nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema nchi hiyo ina huruma.

Kama unataka kuwaalika watu, waalike Alhamisi ya nne ya Novemba. Ni sikukuu yao ya shukrani, Lions wamekuwa wakicheza siku hiyo tangu 1934, miaka ya vita tu ndiyo iliwakatisha, na inaanza saa mbili na nusu au saa tatu usiku, saa ya watu wenye akili. Mwaka 2023 walikuja Packers. Nilipika pilau, mzee akaja na kofia yake ya kijani, wakatufunga 29–22, na pilau akala yeye zaidi.

Lakini Januari ile kabla yake ilikuwa yangu. Mechi ya mwisho ya msimu wa 2022, Lions walikuwa tayari wametolewa kabla hata ya kuanza, na Packers walihitaji ushindi tu waingie mtoano. Kwao, Green Bay. Tukawafunga 20–16, tukabaki nje wote wawili. Saa mbili asubuhi nilimpelekea mzee maandazi sita ya bure. "Shikamoo mzee." Aliitikia marahaba bila kunitazama.

Super Bowl ni Februari, saa nane na nusu usiku kwetu, na Lions hawajawahi kuifika. Aprili wanachagua vijana wapya. Mei ratiba inatoka, na hapo ndipo msimu wako unaanza hasa: daftari moja, kalamu nyeusi kwa mechi za kuongeza moja, nyekundu kwa za kuongeza mbili. Mimi huanza na zile mbili za Packers, kwa sababu mzee atakuja kuziulizia kabla sijamaliza ukurasa.