SOMO: Kuendesha utafiti mkubwa wa teknolojia bila chuo wala profesa (tuko Dodoma)

Wakuu salama? Mwaka wa tatu huu mimi na wenzangu wanne tumepanga chumba Nzuguni tunatengeneza sensa, yaani kifaa cha kupima unyevu na chumvi ya udongo kwenye mashamba ya zabibu, na kila wiki kuna mtu ananiuliza hela tunatoa wapi, kwa iyo naandika mara moja.

Hatua ya 1: Andika swali, sio jina la mradi. Sisi tulianza na "Teknolojia kwa Maendeleo Endelevu", upuuzi mtupu. Swali letu sa hivi: sensa ya chini ya laki moja inaweza kukaa ardhini misimu miwili ya zabibu bila kuoza? Anayetoa hela anajua mapema tukifeli itaonekanaje.

Hatua ya 2: Mtu mmoja awe na kauli. Hapa ndo penyewe. DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ilianza 1958 ikiitwa ARPA, ndo ilitoa hela ya ARPANET, babu yake intaneti. Ni ya serikali ndio, ila haina maabara zake, meneja anapewa miaka michache, anatafuta watu popote walipo, akiona hakieleweki anakata hela, muda wake ukiisha anasepa. Sisi tulikuwa na kamati ya watu tisa, kikao cha kwanza masaa mawili tunabishania posho na soda, sensa haikutajwa hata mara moja.

Hatua ya 3: Hela kwa awamu. Tulichanga elfu hamsini hamsini kila mwezi kama vikoba, alafu mkulima mmoja wa Hombolo akatuachia mistari miwili ya shamba lake, hiyo ilizidi hela. Na wenye nazo mkisoma hapa, acheni fomu za kurasa arobaini: kipindi cha korona 2020 Fast Grants, mfuko wa kufadhili utafiti wa korona kule Marekani, walikuwa wanatoa kuanzia dola 10,000 kwa fomu fupi na jibu wanalenga ndani ya masaa 48.

Hatua ya 4: Sajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), akaunti iwe na sahihi mbili, na kabla hujaingia kijijini pita COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) uulize vibali, alafu umuone mtendaji. Basi.

Hatua ya 5: Ukifeli sema. Tulifukia sensa 14 tukaziba na gundi ya moto, mvua za Januari zikapiga, 11 zikafa. Kufungua, shaba imekuwa kijani kama ukungu wa mkate. Tukazipiga picha tukamtumia siku ileile mfadhili aliyetoa hela ya awamu ya kwanza, na awamu ya pili akatoa.

MASWALI

– Mkuu, mkopo wa benki je?
Usithubutu. Benki inataka rejesho mwezi ujao, utafiti unakaa mwaka hauingizi hata mia. Subiri upate oda.

– Kaka, nina mtoto na ajira, niache kazi?
Usiache dada. Mwenzetu mmoja anafundisha fizikia, anakuja saa kumi jioni. Tunayemlipa ni mmoja tu, fundi anayeunganisha saketi kwa waya wa risasi wa kuchomelea.

– Wakiniibia wazo?
Sensa za udongo zipo dunia nzima. Waibe, wakutane na mvua.

– Zile 11 mlitupa?
Ziko kwenye ndoo chini ya meza. Mgeni akija na ahadi kubwa, namfunulia ndoo kwanza.