Pendulamu ya nyuzi 90: usiiamini fomula fupi

Pendulamu (uzito unaobembea) ya mita 1 hapa Mombasa (g, yaani nguvu ya uvutano, ni 9.78), ikiachiliwa nyuzi 90 kutoka wima, fomula ya darasani, 2π√(urefu/g), huipa kipindi (muda wa kwenda na kurudi) cha sekunde 2.01. Si kweli. Chukua 1 na kosini ya nyuzi 45 (nusu ya 90), yaani 0.7071. Wastani wake ni 0.8536; kisha zidisha hizo mbili za mwanzo, tafuta kipeuo cha pili cha jibu: 0.8409. Rudia kwa 0.8536 na 0.8409, zote zinatua 0.8472. Mara mbili tu! Gawa 2.01 kwa hiyo: sekunde 2.37, kipindi cha kweli.

Wengi husahau kugawa pembe kwa 2. Kosini ya 90 ni 0, hesabu inakwama.

Utamu uko kwenye namba changamano: zidisha muda kwa i (kipeuo cha pili cha -1), uvutano unageuka juu chini, na pembe inakuwa 180 toa ile ya kwanza. Kipindi cha mbembeo huo ndicho kipindi cha pili cha fanksheni ya kiduaradufu, ile inayoeleza mwendo wa pendulamu na yenye vipindi viwili. Kwa nyuzi 90, vipindi hivyo viwili vina urefu sawa.