Viza inakaribia kuisha: umlipe wakala au ushughulike mwenyewe?

Huku Kigoma, simu za ughaibuni kuhusu viza huingia usiku, na nyingi huingia siku zikiwa zimeshayoyoma. Kijana yuko Muscat au Guangzhou, mama yake yuko Ujiji, na katikati yao kashajitokeza jamaa anayesema ana mtu wake ndani. Anataka hela leo, kesho nafasi zitakuwa zimejaa. Kabla mama hajaanza kuuza madumu ya mawese kwa bei ya kutupa, tuelewane kwanza wakala analipwa kwa kazi gani.

Mimi nasema mlipe miguu na vidole vyake, usimlipe mdomo. Kupanga foleni, kuchapa fomu, kutafsiri cheti, kufikisha nyaraka: hizo ni kazi, na anayezifanya anastahili ujira. Lakini majibu ya maswali ya uhamiaji lazima yawe yako, uyasome kabla hayajatumwa, na akaunti ya ombi ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Akiifungua kwa barua pepe yake, siku mkikosana hutajua ombi limefika wapi. Uhamiaji wakidai nyaraka ya ziada, ujumbe utaingia kwake na wewe utaendelea kusubiri.

Nchi na nchi

Oman na Falme za Kiarabu, kibali cha ukaazi cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri. Wa kwanza kuulizwa ni kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, au yule wa kampuni anayeshughulikia makaratasi ya wafanyakazi. Ofisi za Sanad kule Oman, na vituo vya kuchapa maombi kule Dubai, ni mawakala halali kabisa: wanaingiza ombi kwenye mfumo wa serikali, unalipa ada ya serikali na ujira wao, unatoka na risiti iliyochapwa. Hapo sioni sababu ya kujitia ujuaji, hasa kama Kiarabu chako ni cha kuombea maji. Wa kumkimbia ni anayeuza ile wanayoiita viza huru, yaani kafili ni wa jina tu na wewe unafanya kazi kwa mwingine. Huyo anakuuzia kesi.

China unaweza kujifanyia mwenyewe mradi uanze mapema. Sheria yao inataka ombi la kuongeza muda wa kibali cha ukaazi lifike kwa polisi wa uhamiaji angalau siku 30 kabla hakijaisha. Kwa viza za kawaida ni siku 7. Anayepitiliza, kosa likionekana zito, anaweza kutozwa yuan 500 kwa siku hadi kikomo cha yuan 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwanafunzi huanzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, akapewe barua. Kinachowakwamisha wengi ni karatasi ya usajili wa makazi: anayeishi nje ya hoteli anatakiwa kujisajili polisi ndani ya saa 24, na mtu akihama chumba husahau. Kisha anamlipa wakala aende kumfanyia jambo ambalo angelimaliza mwenyewe akiwa na mkataba wa pango mkononi.

Uingereza na Ujerumani, ukituma ombi sahihi kabla muda haujaisha, kwa kawaida haki ulizokuwa nazo zinaendelea mpaka uamuzi utoke. Ujerumani hutoa cheti cha kipindi hicho, Fiktionsbescheinigung. Kidai na utembee nacho. Uingereza kadi za BRP, zile za kibali cha ukaazi, zilifikia ukomo mwisho wa 2024 na sasa hadhi yako imo kwenye akaunti ya eVisa, yaani viza ya mtandaoni. Maana yake anayeshika nywila ya akaunti hiyo kakushikia kibali chenyewe.

Halafu kuna msiba. Ombi lako likiwa bado linashughulikiwa ndani ya Uingereza, ukisafiri kurudi nyumbani linahesabiwa kuwa umeliondoa. Mtu anapigiwa simu kwamba mzee katutoka kule Mwandiga, anakata tiketi usiku huohuo, na baada ya matanga anajikuta anaanza upya kuomba viza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa sababu alama za vidole hazitumwi kwa basi. Swali la namna hiyo ndilo la kulipia ushauri, na uliulize kabla hujakata tiketi.

Wakala na kishoka

Nimewahi kuonyeshwa risiti ya wakala: karatasi ya daftari la mistari iliyochanwa ubavuni, jina la mteja kwa kalamu ya bluu, kiasi cha pesa, na neno "viza". Namba ya ombi hakuna. Ada ya serikali na ujira vimechanganywa kapu moja. Karatasi hiyo hata kwa mwenyekiti wa mtaa haikusaidii.

Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuwa mwanasheria anayeruhusiwa ni kosa la jinai, na orodha ya waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, zamani OISC, iko wazi mtandaoni. Kanada nao wana chombo chao cha washauri wenye leseni. Marekani, "notari", yaani mthibitishaji wa sahihi, si wakili hata abandike bango kubwa kiasi gani. Mwombe namba ya usajili, uitafute wewe mwenyewe. Picha ya cheti kwenye WhatsApp haitoshi.

Akikuambia atakutengenezea taarifa ya benki, ondoka. Uongo ukigundulika, Uingereza wanaweza kukufungia hadi miaka 10, na Marekani zuio la udanganyifu halina mwisho isipokuwa upate msamaha maalumu. Kusema "wakala ndiye aliyejaza" kwa kawaida hakukuokoi, maana sahihi ni yako.

Kama ulishawahi kukataliwa, umepitiliza muda, una kesi polisi, au ndoa iliyokupa viza imevunjika, usijifanye shujaa. Tafuta wakili.

Pasipoti kwanza

Angalia pia pasipoti yenyewe, kwani nchi nyingi hazikupi muda unaozidi uhai wake. Kuibadilisha kupitia ubalozi kunahitaji nyaraka za nyumbani, na sisi wa Kigoma, kwa kupakana na Burundi na Kongo, tunajua maswali ya uraia hayakawii: babu alizaliwa wapi, bibi alizikwa wapi. Vyeti vya kuzaliwa, chako na cha mzazi, pamoja na namba ya NIDA, viandaliwe mwaka mmoja kabla. Kazi hiyo usimpe mgeni. Mpe shangazi aliyeko Mwanga, anayeweza kukaa kwenye benchi la ofisi ya wilaya mpaka cheti cha RITA kitoke. Mtumie nauli na hela ya kopi, na majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana kwenye mfumo Hamis na Hamisi ni watu wawili. Akishavipata, avipige picha kurasa zote akutumie kwanza, ndipo amkabidhi msafiri.