Maza ya kuovakloki i5-2500K na i7-2600K, angalia haya kabla hujatoa hela

Kama una i5-2500K au i7-2600K imekaa tu ndani usiitupe, hizi prosesa ni za 2011 lakini ukizipa maza (mazabodi) inayozifaa ukaziovakloki, yaani kuzipandisha spidi kupita ya kiwandani, zinakimbia bado. Shida wengi tunaona soketi (tundu la prosesa) 1155 tunasema imeingia basi yameisha. Mi niliuziwa maza ya H61, muuzaji akaniambia "hii inakubali kila kitu kaka", na kweli ikawaka, windows ikafunguka vizuri tu, kuingia BIOS (mipangilio ya maza kabla windows haijafunguka) nipandishe maltiplaya, ile namba inayozidishwa na kloki ya msingi kupata spidi, hakuna pa kugusa. Nilikaa nayo miezi minne huku prosesa ya K (K maana yake maltiplaya haijafungwa) inatembea spidi ya kiwandani, iliniuma sana.

Kwa hiyo anza na chipseti, chipu ya maza inayoamua kama kuovakloki kunaruhusiwa, mara nyingi imeandikwa kwenye jina la maza lenyewe. Unataka P67, Z68, Z75 au Z77. H61, H67, B75 na Q77 kwa kazi hii achana nazo, na ndo maana zile Optiplex 7010 za mtumba hata ukichomeka K haikusaidii, ndani kuna Q77. Na usijidanganye kwamba utapandisha kloki ya msingi badala yake, kwenye Sandy Bridge (kizazi cha prosesa hizi) ile MHz 100 imefungwa pamoja na SATA (ya diski) na PCIe (ya kadi ya grafiki), ukiisogeza zaidi ya asilimia chache mashine inaanza kuyumba. Njia ni maltiplaya tu, 45 mara 100 unapata GHz 4.5.

P67 haitoi picha kutoka kwenye prosesa, lazima uwe na kadi ya grafiki, halafu zile za mwanzo kabisa zilikuwa na kasoro kwenye SATA mpaka Intel wakasimamisha usafirishaji Januari 2011, hivyo ukikuta P67 hakikisha ni B3, toleo lililorekebishwa. Mi ningekwambia tafuta Z77 moja kwa moja, USB 3.0 imo kwenye chipseti yenyewe na kesho ukipata 3770K, prosesa ya kizazi kilichofuata, unachomeka tu.

Sasa hapa ndo pa kutulia: umeme wa prosesa. Tazama pembeni ya soketi, upande wa porti za nyuma na juu yake, utaona viboksi vidogo vimejipanga mstari, hizo ni koili za VRM (sehemu inayobadilisha umeme kuwa volti ya prosesa), na karibu yake kuna mosfeti, swichi ndogo za umeme. Mosfeti zikiwa uchi bila chuma cha kupozea, iache hiyo maza hata kama bei tamu, kwa sababu 2600K ni wati 95 kabla hujaigusa, ukiipeleka 4.5 kwa volti kama 1.3 inakula zaidi ya hapo na joto kubwa la kuubadilisha huo umeme linaishia kwenye hizo mosfeti. Plagi ya umeme wa CPU iwe ya pini 8, ya pini 4 mi siichukui. ASRock Z77 Extreme4 na ASUS P8Z77-V ni mfano mzuri, ukikutana nazo kwa hali nzuri usizubae.

Ya mtumba ifungue soketi mwenyewe, washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu. Pini zote zinatakiwa kumeta sawasawa, ukiona doa jeusi au moja inameta kivyake basi imepinda, na pini iliyopinda inaweza kukufanya slot moja ya ram isisome ukahangaika wiki nzima unalaumu ram. Angalia pia kapasita zilizovimba kichwa.

Omba iwashwe hapohapo na prosesa yako, ingia BIOS, weka maltiplaya 42 uone kama inakubali na kusevu. Ukifika nyumbani weka kula (cooler, feni na chuma cha kupozea prosesa) ya maana, ile ndogo ya kwenye boksi haitoshi, piga Prime95 (programu ya kuikamua prosesa) nusu saa, joto likikaa chini ya nyuzi 80 panda 43, jaribu tena, kisha 44. Ikizima au kuleta skrini ya bluu ongeza volti kidogokidogo, na ukifika 1.35 bado inagoma rudi hatua moja chini uiache hapo.